Kiungo Aliyeanza kwa Kuteremka

Miaka imepita juu ya Uru, mlimani Kilimanjaro, bila kupiga hodi. Theluji ya Kibo, ambayo wazee wa zamani waliijua ikiwa nene, imebaki mabaka. Mibuni mingi iliyopandwa na mababu imeng'olewa ikaipisha migomba na mboga. Na njia zilizokuwa zikikanyagwa na akina mama wenye mizigo ya majani kichwani sasa zinapandwa na pikipiki. Katika mabadiliko hayo yote Thadeus Temu hakuhama. Alizaliwa katika kihamba kile kile, shamba la ukoo, alichozaliwa baba yake, akaoa humo, akazeeka humo. Mkewe, Hilaria, amelala nyuma ya nyumba chini ya migomba, kando ya kaburi la mama mkwe ambaye, walipokuwa hai, walipatana naye kwa shida.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Mary aliolewa Mwanza. Ronald, kitindamimba, ndiye ambaye kwa desturi ya Wachagga angebaki na nyumba ya wazazi. Lakini riziki yake ilimwita Dar es Salaam, na mzee hakumlaumu. Kila Desemba watoto na wajukuu hupanda mlima, nyumba ikajaa viatu mlangoni, mbuzi akachinjwa, na mzee akapewa kidari chake kwa heshima. Mwezi wa kwanza ukiingia, wote hushuka. Hapo Thadeus huendelea kwa muda kumenya ndizi za kutosha watu wengi, kwa kuwa mikono haijapata habari, kisha hula chakula hicho peke yake mpaka kichachuke. Jioni husali rozari akitoa sauti, si kwa sababu Mungu ana uzito wa kusikia, bali ili nyumba isikie mtu.

Lilimbakia jambo moja la kumtoa nje: mpira. Katika ujana wake alikuwa kiungo wa timu ya Mfongo, iliyopewa jina la mfereji wa kale uletao maji kutoka msituni. Hakuwa na mbio. Alisimama katikati, akatazama, akautuma mpira pale mwenzake alipokuwa bado hajafika. Miguu ilipochoka alifundisha vijana, na sauti ilipochoka alibaki katika kamati ya usajili, yeye na wenzake wawili: Efraimu, kocha, mtu wa makamo mwenye watoto wengi na kicheko kikubwa, na Mama Victoria, mwenyekiti, mfanyabiashara wa ndizi ambaye wachuuzi wa soko la Moshi humwogopa kuliko askari wa mgambo.

Mwaka huo timu ilikuwa imeingia ligi ya wilaya, na kiungo wake wa siku nyingi alikuwa amekwenda Arusha kutafuta kazi. Ikawapo nafasi ya kusajili mchezaji mmoja kutoka nje. Kanuni ya timu ilikuwa moja na ya zamani: mgeni akisajiliwa, sharti aishi katika nyumba mojawapo ya kijiji hadi msimu uishe. Waliwahi kuwa na wachezaji waliopanda kutoka mjini siku ya mechi na kushuka kabla jasho halijakauka. Watu wakaona aibu kushangilia wasiowajua.

Efraimu ndiye aliyemwona kijana huyo, akicheza katika timu ya chuo kimoja huko Moshi. Alikuwa mwenyeji wa Mwika, akaitwa Lucky, na sifa yake ilikuwa ajabu kwa mtu wa nafasi yake. Viungo wengine hugawa mpira. Yeye alikimbia nao. Wapinzani wakimziba mbele, alipita pembeni. Wakimfuata pembeni, alirudi katikati. Na mara nyingi alifika golini kabla washambuliaji wake mwenyewe hawajajua kwamba kuna shambulio. Wengine walisema hayo ni maajabu, wengine wakasema ni ubinafsi.

Kabla ya mechi ya majaribio, Efraimu alimleta kwa Thadeus kumsalimu.

"Tumsifu Yesu Kristo," Efraimu aliita toka uani.

"Milele amina. Piteni."

"Shikamoo babu," alisema kijana, akiinama kidogo.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Mwika? Watu wa Mwika nawafahamu. Hawawezi kukaa mahali pamoja mpaka chai ipoe."

"Babu, chai ya kwetu haipati nafasi ya kupoa. Tunaimaliza."

Mzee akacheka. Efraimu aliaga, akisema ng'ombe wake hakamuliki kwa maneno. Lakini mvua ya manyunyu ikamzuia Lucky, naye akabaki mchana kutwa. Walikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Kijana aliosha sahani bila kuambiwa, huku akiimba nyimbo ambazo mzee hakuzielewa. Aliuliza habari za kila picha ukutani. Alibishana na mzee kuhusu mpira kwa adabu lakini bila kurudi nyuma.

"Babu, nikiwa na mpira na mbele yangu kuna uwazi, nimpe nani?"

"Mwenzako aliye mbali zaidi."

"Na kama atapoteza?"

"Basi atakuwa amepoteza yeye, nanyi mko wawili wa kuutafuta. Ukipoteza wewe baada ya kukimbia, uko peke yako, na nyuma yako hakuna mtu."

Lucky alitafakari, kisha akatabasamu. "Sawa. Lakini nisipopoteza je?"

Mvua ilipokatika alisimama, akautazama ukumbi na chumba cha pembeni kilichokuwa cha Ronald. "Nikisajiliwa, babu, naomba nikae hapa. Hapa kuna hewa. Hosteli tunalala kama ndizi kwenye tenga."

"Tutaona," Thadeus alijibu. Akamsindikiza hadi kwenye mfereji, akarudi. Nyumba ilikuwa ile ile, lakini kimya chake kilikuwa kimebadilika. Zamani kilikuwa kama ukuta, sasa kilikuwa kama mlango uliofungwa. Mzee aliingia chumba cha pembeni, akatoa magunia na majembe, akafagia, akatandika shuka safi kitandani. Alijiambia kwamba chumba kilistahili kufagiliwa hata hivyo.

Sasa yafaa msomaji aelezwe habari za uwanja. Mlima hautoi tambarare kwa ukarimu, na uwanja wa Mfongo umelala mteremkoni. Goli la juu liko chini ya ukingo wa mfereji. Goli la chini liko jirani na shamba la kahawa. Na atokaye la chini kwenda la juu hujua kwamba amepanda. Kwa sababu hiyo palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: mchezaji anayejaribiwa huanza kwa kupanda. Hucheza kipindi cha kwanza akilielekea goli la juu, kamati ikimtazama, kwa kuwa anapoteremka kila mguu huonekana mwepesi, na kamati iliyokwisha kufurahi haitazami tena vizuri.

Kazi ya kupanga pande za mechi ya majaribio ilikuwa ya Thadeus, kwa haki ya uzee. Siku ya Jumamosi walipokusanyika, aliinua fimbo yake akaelekeza upande.

"Mgeni ataanza kwa kuteremka."

Efraimu akashangaa. "Kuteremka, mzee?"

"Ametoka mjini kwa miguu. Tumwonee huruma. Atapanda kipindi cha pili."

Hakuna aliyebisha. Hata hivyo Thadeus alijua kwamba asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya msitu, mzito, na kwamba katika mwezi wa Julai ukungu wa namna hiyo haungoji kipindi cha pili.

Lucky aliteremka kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa. Mpira ulikaa mguuni pake, mabeki wakamkosa mmoja baada ya mwingine, akafunga goli moja na kumtengenezea mwenzake jingine. Watu waliokuwa ukingoni waliimba jina lake. Kisha, kipenga cha mapumziko kilipolia, ukungu ukashuka ukafunika goli la juu, halafu bendera za kona, halafu kila kitu, mpaka golikipa akawa anauliza kwa sauti kama mchezo bado unaendelea. Wakaahirisha. Kijana akaondoka akiwa amebebwa mabegani, na hakuna aliyemwona akipanda.

Siku iliyofuata, baada ya misa, kamati ilikaa barazani kwa Mama Victoria. Palikuwa na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, kilichozungushwa kwa utaratibu, kwanza kwa mzee.

"Mimi sina maneno," Efraimu alianza, na kwa muda mrefu hakuacha kusema. "Tumsajili kabla timu za mjini hazijaamka. Kiungo wa kusimama amepitwa na wakati. Siku hizi ukisimama unazingirwa. Huyu akizingirwa anaondoka."

"Anaondoka na mpira wetu," alisema Mama Victoria. "Winga wangu wawili walikimbia jana mpaka wakakaribia kuingia kwenye kahawa, wakimsubiri. Hakuwaona. Wakizoea kutopewa, wataacha kukimbia. Na mtu anayekimbia hivyo hupigwa miguu kila saa. Akivunjika mwezi wa pili wa ligi, tutamweka nani? Wewe, na tumbo hilo?"

"Tumbo hili limefunga magoli, mama."

"Limefunga vifungo vya shati, tena kwa tabu."

Wakacheka wote watatu, ingawa kicheko cha Thadeus kilichelewa. Mama Victoria akamgeukia, na sauti yake ikawa ya heshima.

"Mzee, sisi tunabishana kama kuku. Jicho ni lako. Ukisema ndiyo, ni ndiyo, na kijana atahamia kwako kama alivyoomba. Nimeambiwa hata chumba kimefagiliwa." Kisha akaongeza kwa mzaha, akimsukumia kibuyu: "Au ulikuwa unatafuta mjukuu, sio kiungo?"

Ulikuwa mzaha tu. Mama huyo hakujua ameweka mkono wapi. Thadeus alikipokea kibuyu, hakunywa. Neno moja lingetosha, na kimya pia kingetosha. Angeitikia kwa kichwa, na kabla ya Jumapili nyingine kungekuwa na njumu zenye matope mlangoni pake, na mtu wa kubishana naye wakati wa kula. Alikiona kiti cha pili kimevutwa mezani. Alikiona kwa uwazi wa kutisha. Halafu akawaza miguu ya kijana yule katika viwanja vya wilaya, akitumwa na watu waliomwona akiteremka tu, na akajua kwamba kiti hicho kingekuwa kimeibwa.

"Nilimteremsha kwa makusudi," alisema.

Efraimu hakuelewa. "Ulimwonea huruma. Alitembea."

"Sikumwonea huruma. Niliuona ukungu. Nilitaka mmwone akiwa mwepesi, mpendezwe, msajili." Akakiweka kibuyu chini. "Nyumba yangu ni kimya sana, Mama Victoria. Hilo ndilo lililopanga pande."

Kuku walipita barazani. Efraimu alijifanya kutazama kidole chake cha gumba. Mama Victoria alikunja pembe ya kanga yake, akaikunjua.

"Basi kipindi cha pili kichezwe," alisema mwishowe. "Na wewe, mzee wangu, sikukaripii; mimi ni nani nimkaripie baba aliyenifundisha kutazama mpira? Lakini hatuwezi kukuacha uwe vyote viwili. Chagua. Uwe mwenyeji wake, ukae pembeni, mimi na Efraimu tutaamua kwa macho yetu haya mabovu. Na Efraimu unamjua, ameshaamua, na mimi hunishinda kwa kelele. Au uwe mwamuzi, useme unachokiona, na kijana alale kwa mwingine."

Hapa ndipo mtu angeweza kujidanganya kwa urahisi. Thadeus alijua kwamba akikaa pembeni kijana angesajiliwa, na angekuwa wake msimu mzima, bila yeye kusema uongo wowote. Aliufikiria uwezekano huo, maana hakuwa mtakatifu. Lakini aliwafikiria pia wenzake hawa wawili: mmoja akipenda mbio, mwingine akiziogopa, na hakuna kati yao ambaye angeona ni kwa nini kijana anakimbia.

"Nitatazama," alisema. "Alale kwa mwingine."

Kipindi cha pili kilichezwa Jumamosi, jua likiwa wazi na uwanja mkavu. Lucky alisimama chini, karibu na kahawa, akakitazama kimo kilichokuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Alipopata mpira aliondoka nao kama ilivyo desturi yake. Alimpita mmoja. Wa pili alimfikia, kwa kuwa mlima ulikuwa umemshika shati. Akapokonywa, na nyuma yake, kama mzee alivyosema, hapakuwa na mtu. Akajaribu tena, akapigwa mguu, akaanguka, akainuka akichechemea. Watu walewale waliomwimba Jumamosi iliyotangulia wakaanza kunong'ona.

"Mlima umemjibu," alisema Mama Victoria, bila furaha.

"Ngoja," alisema Thadeus.

Alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili, na macho yake hayakuufuata mpira. Yalifuata kichwa cha kijana. Mara ya tatu Lucky alipopokea mpira, kichwa kiliinama kama kawaida na miguu ikaanza kwenda. Kisha kikainuka. Ilikuwa mara moja tu, kwa muda mfupi, lakini kiliinuka wakati miguu ikiendelea. Na mabeki walipomkimbilia wakidhani atapita, aliutuma mpira mrefu pembeni, kwa winga wa Mama Victoria, ambaye nusura aukose kwa mshangao. Goli halikufungwa. Winga aliupiga mpira ukaishia kwenye mfereji, na watoto wakaufuata wakipiga kelele.

Kamati ilisimama kando. Efraimu alimgeukia Thadeus.

"Sema, mzee," aliomba.

"Mchezo wake sikuupenda wiki iliyopita. Niliwanyima ninyi nafasi ya kujua hilo." Thadeus alisema polepole, akichagua kila neno. "Leo naona. Hakimbii kwa kiburi. Anakimbia kwa sababu huko alikotoka hakuna aliyemngojea mbele. Amezoea kwamba akigeuka kutafuta mtu, hamwoni. Hapa atawaona. Msimkataze kukimbia, maana wakimwogopa kwamba atakimbia, ndipo winga wetu watapata nafasi. Mfundisheni tu kutazama kabla. Na msimchezeshe kila mechi mpaka mwisho. Kila mbio humgharimu pigo moja, na miguu ya mtu ina hesabu yake. Asajiliwe."

Mama Victoria alitikisa kichwa kukubali. "Atalala kwa Efraimu," alisema taratibu. "Pale kuna watoto wengi, mmoja zaidi hataonekana."

"Ni vema," alisema Thadeus.

Lucky alipopewa habari alimkimbilia mzee, jezi ikiwa imemganda mwilini. "Aika mbe, babu! Asante sana. Wameniambia neno lako ndilo lililonipitisha." Kisha uso wake ukapungua mwanga kidogo. "Lakini nilidhani nitakaa kwako. Nimekosea kitu?"

"Hujakosea. Kwa Efraimu kuna kelele. Mtu wa Mwika atakufa na kimya changu."

"Nitakuja kukusalimu, babu. Kila wiki."

"Njoo."

Na kweli alikuja, mara mbili au tatu. Baadaye mazoezi yakazidi, mitihani ya chuo ikakaribia, watoto wa Efraimu wakamfanya kaka yao, na kila wiki ikawa baadhi ya wiki, kisha ikawa salamu za kutumwa. Hakuna aliyekosa katika jambo hili. Kijana wa umri ule ana mambo mengi mbele yake, na mzee hakutegemea kuhesabiwa miongoni mwa hayo.

Msimu ulipokuwa katikati, Mfongo walicheza nyumbani. Thadeus alisimama pale wasimamapo wazee, mbali kidogo na ngoma. Alimwona Lucky akiupokea mpira, akiinua kichwa, akiondoka, akiinua kichwa tena, akiuachia. Winga alikuwa anangoja. Uwanja mzima uliruka, watu wasiojuana wakakumbatiana, na Mama Victoria akamkumbatia Efraimu kisha akamsukuma kando kwa aibu. Thadeus hakuwa na mtu upande huu wala ule. Alisema "Sawasawa" kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akijibu vizuri. Na kabla umati haujatawanyika alikata njia ya migomba kwenda kumkatia ng'ombe majani, kwa kuwa jioni ya mlimani huingia upesi.

Mwenyezi Mungu, ambaye humwona mtu hata asipoonwa na wengine, amjalie Thadeus Temu afya ya mwili na utulivu wa roho katika miaka iliyosalia. Amlaze Hilaria mahali pa nuru, pamoja na wazee wote wa kihamba kile. Ambariki Mary na nyumba yake huko Mwanza, amlinde Ronald katika kazi ya mikono yake, awakuze wajukuu katika imani na adabu. Na awatie moyoni hamu ya kupanda mlima hata miezi isiyo ya sikukuu, ili baba yao asikie hodi akiwa bado na masikio ya kuisikia. Amina.